Bei ya Kuvua Miwani: Je, Ni Haja au Ni Israfu?



Twapenda kuwaletea suala lililoulizwa katika darsa letu baada ya sala ya Isha. Kwa dhahiri yake ni suala la fedha na la hospitali, lakini kwa ndani yake ni suala la haki na la tabia. Muulizaji ni kijana wa mji huu, mwenye umri wa miaka 29, afanyaye kazi bandarini katika mashua ya kuvutia meli. Alisema: "Maalim, tangu nilipokuwa darasa la tano navaa miwani ya kuonea mbali, na nambari yake sasa imefika sita. Nasikia yako matibabu ya leza ambayo mtu akifanyiwa huivua miwani yake akaishi bila ya hiyo. Bei yake ni kubwa, nami nimeweka akiba kwa miaka minne. Je, nikiitoa mali hii kwa jambo hili, nitakuwa miongoni mwa wafanyao israfu?"

Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimjibu pale pale bila hata kumeza mate. Nikamwambia: "Mwanangu, miwani ya shilingi elfu chache yakutosha. Kutoa malaki ili uso wako upendeze ni israfu tupu." Watu wakacheka, na wazee wawili watatu wakatikisa vichwa kwa kuniafiki, nami nikaona nimesema neno.

Kijana hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: "Maalim, sikusema khabari ya uso." Ndipo akatueleza kwamba kazi yake ni ya kamba na mawimbi; kwamba usiku wa mvua miwani hujaa maji na chumvi hata asione mkono wa mwenziwe; kwamba siku moja kamba ilimpiga, miwani ikaenda baharini, na akarudishwa nyumbani akishikwa mkono kama kipofu, mbele ya wanawe. Aliyasema hayo kwa ufupi, akaketi.

Hakuna aliyecheka tena. Nilirudi nyumbani usiku ule nikijua kwamba nilihukumu kabla ya kuuliza, na hii ni aibu kwa mtu wa kawaida, sembuse kwa anayeitwa Maalim. Kwa hivyo nimeona ni wajibu wangu kulirejea suala lile kwa taratibu, kwanza kwa kulijua jambo lenyewe, kisha kwa kuijua bei yake, kisha ndipo tuseme khabari ya halali na israfu. Kwani mwenye kutoa hukumu juu ya asichokijua ni kama mpima nguo gizani.

Ama jambo lenyewe, ni hili. Mwangaza huingia katika jicho kwa kupita kwanza katika ngozi nyembamba iliyo wazi kama kioo, ambayo madaktari huiita konea. Unene wake katikati ni kama nusu ya milimita. Konea hii ndiyo ifanyayo kazi kubwa, kadiri ya thuluthi mbili, ya kuukusanya mwangaza ili uangukie juu ya pazia la nyuma ya jicho liitwalo retina. Jicho likiwa refu kupita kiasi, au konea ikiwa imebinuka mno, mwangaza hukutana kabla ya kufika kwenye pazia, na mtu huona vyema kilicho karibu na kilicho mbali humwia ukungu. Miwani huusogeza mwangaza mahali pake. Leza haifanyi muujiza wowote zaidi ya huo: huichonga konea kidogo sana, ikabadili mbinuko wake, na kazi ya miwani ikafanywa na jicho lenyewe.

Wala elimu hii haikuanguka kutoka mbinguni kwa siku moja. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyeishi Misri na kufa kiasi cha mwaka 1040, ndiye aliyesimamisha kwa hoja na majaribio kwamba tunaona kwa mwangaza uingiao jichoni, wala si kwa miale itokayo jichoni kama walivyodhani wengi kabla yake. Katika zama hizo hizo, Ammar bin Ali wa Mosul alikuwa akitibu mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu, akiuvuta ule uchafu kwa kuufyonza. Karne nyingi baadaye, José Ignacio Barraquer, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, aliikata tabaka ya konea, akaigandisha kwa baridi, akaichonga kwa mashine na kuirudisha mahali pake. Mwaka 1981, Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa India, pamoja na wenzake katika maabara ya kampuni ya IBM huko Marekani, waliujaribu mwangaza wa leza ya namna mpya juu ya mabaki ya nyama ya batamzinga, wakaona unakata bila ya kuunguza kandokando. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel akashirikiana naye kuonyesha kwamba leza ile yafaa kwa konea. Mwaka 1988 Marguerite McDonald akamfanyia mgonjwa mwenye jicho linaloona, na baada ya hapo kidogo Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete akaonyesha njia ya kuifunua konea kama kifuniko, kuchonga chini yake, na kuifunika tena. Serikali ya Marekani iliiruhusu leza hii kwa matibabu ya kutoona mbali mwaka 1995. Basi huyu ni mtoto wa baba wengi: Mwarabu, mkazi wa Colombia, Mhindi, Mmarekani na Mgiriki. Anayesema kwamba jambo hili ni la kigeni na halituhusu, hajui nasaba yake.

Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya kwa kuwa jina lao ni moja. Ziko leza mbili. Hiyo tuliyoieleza ni ile ya kuchonga konea, na imtumikiaye ni mtu ambaye angeweza kuona vyema kwa miwani. Ya pili ni leza ya ndani ya jicho, imtumikiayo mwenye kisukari ambaye mishipa ya damu ya retina yake imeharibika, ikavuja, au ikaota mipya isiyo na nguvu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1976 ulionyesha kwamba leza hii hupunguza kwa nusu au zaidi khatari ya kupoteza uoni kwa wale ambao ugonjwa umewafika kwa ukali. Lakini sifa yake ni kuhifadhi kilichopo. Mara chache hurudisha kilichokwisha kupotea. Na ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mwanzo wake hauna maumivu wala dalili, na mtu hujiona mzima hali nyumba yaungua kwa ndani. Leza ya kwanza humwondolea mtu miwani, na ya pili humwondolea upofu. Nalitia alama neno hili, kwani tutalirejea.

Sasa tuseme bei. Huko Marekani, kwa leza hii ya konea, mtu hutoa kiasi cha dola 2,000 na kupita kwa jicho moja, yaani dola 4,000 na zaidi kwa macho mawili, ambazo kwa fedha zetu zapita shilingi 500,000. Bima nyingi za huko hazilipi, kwa hoja kwamba miwani ipo na yatosha. Na Uingereza, ambako matibabu ni ya serikali, kwa kawaida serikali hailipi vilevile, kwa hoja ile ile. Katika nchi nyingine, kama India na Uturuki, bei hushuka sana, na watu husafiri kuifuata.

Kwa nini bei ni kubwa? Mtambo wenyewe ni ghali, na wataka fundi wake na matengenezo yake. Chumba chataka hali ya hewa maalumu. Daktari amesoma miaka mingi. Haya yote ni haki, na mwenye kazi astahili ujira wake. Lakini liko fungu jingine ambalo mnunuzi halioni. Katika miaka ya 1990 kampuni mbili za Marekani zilizokuwa na hati za kumiliki uvumbuzi huu ziliungana, zikaweka kodi ya dola 250 kwa kila mara mtambo utumikapo. Daktari akilipenda asilipende, kodi ile ilikuwa lazima ilipwe, na bila ya shaka iliishia katika bega la mgonjwa. Mwaka 1998 idara ya serikali isimamiayo biashara ya haki ilizishitaki, na muungano ule ukavunjwa. Twajifunza nini? Kwamba bei si maumbile kama maji kupwa na kujaa. Bei hufanywa na watu, na kilichofanywa na watu chaweza kuulizwa: fungu lipi ni ujira wa kazi, na lipi ni ushuru wa kupita mlangoni?

Tena kuna bei ya tangazo na bei ya kweli. Tangazo husema "kuanzia shilingi kadha", na neno hilo "kuanzia" ndilo lenye mtego. Bei ya chini mara nyingi ni ya jicho moja, na ni ya mwenye nambari ndogo. Mwenye akili huuliza mambo haya kabla ya kutoa hata senti: Je, kipimo cha kwanza kimo ndani ya bei? Je, dawa za matone zimo? Je, kurudi kuangaliwa mwezi baada ya mwezi kumo? Ikiwa nambari itarudi kidogo baada ya mwaka na kutakikana kuchongwa tena, nani atalipa? Nikisafiri kwenda nchi ya mbali na jicho likanidhuru nikiwa nimerudi, nani ataniangalia? Na siku nitakazokaa bila ya kazi, ni nani atakayewalisha wanangu?

Na liko swali lililo kubwa kuliko hayo: Je, jicho langu lafaa? Si kila jicho huchongwa. Mwenye konea nyembamba, au konea yenye ugonjwa wa kuchongoka kama pia, mwenye macho makavu sana, mwenye nambari ambayo bado yapanda, mwanamke mwenye mimba, na kijana ambaye hajatimia miaka 18, hawa huambiwa wangoje au waache kabisa. Daktari mwema ni yule awezaye kukwambia "hapana" hali fedha zako ziko mkononi. Wala aliyefaa hasalimiki na kila kitu. Wengi hufurahi kwa matokeo. Lakini ukavu wa macho ni jambo la kawaida baada yake, na wengine huona mapete ya mwangaza kuzunguka taa usiku. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba miongoni mwa watu ambao hawakuwa na dalili hizo kabla, zaidi ya asilimia 40 walipata angalau dalili moja mpya miezi mitatu baada ya kutibiwa, ijapokuwa waliotaabika nayo sana walikuwa wachache, chini ya mmoja katika mia. Na kwa kijana afanyaye kazi usiku baharini, kati ya taa za meli na maboya, si haki kumficha khabari hii.

Kisha ajue kwamba leza hii haimzuii mtu kuzeeka. Ifikapo miaka arubaini na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na mtu huhitaji miwani ya kusomea, awe amechongwa au hajachongwa. Basi yule anayehesabu kwamba "nitalipa mara moja nipumzike na miwani maisha yangu yote", hesabu yake ina tundu. Tukadirie kwa mfano kwamba mtu hununua miwani ya shilingi 8,000 kila baada ya miaka miwili. Kwa miaka 20 atakuwa ametoa shilingi 80,000. Weka hizo kando ya shilingi 500,000 za Marekani, nawe utaona kwamba anayefanya leza kwa nia ya kupunguza gharama, aghalabu hupunguza kwa jina tu. Anachokinunua kwa kweli si akiba, ni uhuru. Na uhuru ni kitu cha thamani, ila yafaa mtu ajue kwamba ndicho anachokinunua.

Sasa tuingie katika suala lenyewe. Je, ni israfu?

Wanazuoni wa misingi ya sheria, na maarufu katika hao ni al-Shatibi wa Granada aliyekufa mwaka 1388, wameyagawa mambo ya wanaadamu katika daraja tatu: dharura, ambazo zikikosekana maisha huharibika, haja, ambazo zikikosekana maisha huwa na taabu na dhiki, na yale ya kupendezesha, ambayo zikikosekana mtu huishi, ila bila ya uzuri na ukamilifu. Mgawanyo huu wafaa sana katika jambo letu, kwa sharti tusiukosee kama nilivyoukosea mimi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba daraja imo ndani ya kitu chenyewe, kana kwamba leza imeandikwa juu yake "mapambo". Sivyo. Leza ile ile, kwa bei ile ile, yaweza kuwa mapambo kwa mtu wa dukani ambaye miwani haimkeri ila katika picha ya harusi. Na ikawa haja ya kweli kwa baharia, kwa mzima moto, kwa mtu ambaye masikio yake au ngozi yake haivumilii fremu. Daraja haimo katika mtambo, imo katika hali ya mtu. Na hali ya mtu haijulikani ila kwa kumwuliza.

Wako waliosema, tulipolizungumza tena, kwamba kulichonga jicho ni kubadili maumbile. Hili halisimami. Kurekebisha kasoro ili kiungo kifanye kazi yake ni tiba, na kama ingekuwa haramu, basi Ammar bin Ali na sindano yake angekuwa wa kwanza kulaumiwa, na meno yetu yangeozea vinywani.

Wako wengine waliosema neno zito zaidi: "Vipi mtu atoe malaki kuvua miwani, hali duniani kuna wasio na hata hiyo miwani?" Na hakika jambo hili laumiza moyo. Shirika la Afya la Ulimwengu, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilisema kwamba watu wasiopungua bilioni moja wana upungufu wa kuona ambao ungaliweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa, na wengi katika hao hawahitaji zaidi ya miwani au upasuaji wa mtoto wa jicho. Katika mashamba ya chai ya Assam, India, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wachumaji wenye umri wa miaka 40 na zaidi, walipopewa miwani ya karibu tu, uchumaji wao ulizidi wa wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Miwani ya bei ya sahani ya pilau! Asiyehuzunika kwa hili ana moyo wa jiwe.

Lakini na tuwe waadilifu. Hoja hii ikishikwa kwa ukali wake wote, haimwachi mtu yeyote salama. Hatungekula nyama maadamu kuna mwenye njaa, wala tusingejenga ghorofa maadamu kuna mwenye kibanda. Na ajabu ni kwamba twaitumia kwa kijana huyu, na hatuitumii kwa nafsi zetu. Mimi niliyemwambia kijana "israfu", mwaka jana nilikula katika karamu tatu za harusi, kila moja yapita bei ya macho mawili, na moja katika hizo ilifanywa kwa deni. Sikusema neno. Nilikula, nikanawa, nikaomba dua, nikaenda zangu. Katika mji wetu, mali inayotolewa kwa ajili ya macho ya watu huitwa heshima, na inayotolewa kwa ajili ya macho ya mwenyewe huitwa israfu. Tulipime neno hili, ndugu zangu, kwani lina uchungu.

Basi mizani ni ipi? Kwa maoni yetu, mwenye kuuliza "je, namudu?" asiuhesabu mfuko wake peke yake. Kumudu si kuwa na fedha ile siku ya kulipa. Kumudu ni kulipa kisha ukabaki ni mtu unayeweza kutimiza haki zilizo juu yako. Haki hizo zina mpango: wenye kukutegemea kwa chakula na karo, wenye kukudai, na jamaa wa karibu aliye katika dharura. Anayelipa kwa karo ya wanawe, hakumudu. Na anayelipa kwa deni la riba, hakumudu hata kama stakabadhi yasema amelipa. Huko Marekani yako makaratasi ya mikopo yasemayo "bila riba" kwa miezi kadha, na mtu akichelewa kumaliza, riba ya miezi yote iliyopita humwangukia kwa pamoja. Mikopo ya namna hii imeanza kubisha katika milango yetu pia. Sisi twajua hukumu ya riba. Lakini hata asiyeijua, akili yamtosha.

Lakini yule aliyetimiza haki hizo, akaulizia bei yote, akapimwa na kuambiwa jicho lafaa, na haja yake ni ya kweli, huyu hatuna njia ya kumlaumu. Atoe mali yake na moyo wake utulie. Hii ndiyo jawabu niliyopasika kuitoa usiku ule, nami naitoa leo mbele ya wasomaji wote, pamoja na kumwomba radhi mwenye suala.

Nilipomwendea kumwambia hayo, nilimkuta na khabari nyingine. Shangazi yake aliyemlea baada ya kufiwa na mamake, naye yuko Lamu, ni mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Jicho moja lilikuwa limeanza kumwonyesha madoa meusi kama utando wa buibui. Daktari alimwambia kwamba mishipa ya retina inavuja damu, na kwamba yampasa afanyiwe leza, ile ya pili tuliyoitaja, tena kwa safari zaidi ya moja, na kila safari ina nauli yake na malazi yake. Bibi yule aliificha khabari hii miezi mitatu, kwa kuwa alijua mtoto wake anaweka akiba na akijua ni ya nini. Kijana aliijua kwa jirani.

Hakuniuliza hukumu. Aliniambia tu kwamba shangazi yake yuko kwake tangu siku nne, na safari ya kwanza ya matibabu imekwisha. Akiba imepungua sana, na yatamchukua miaka kuirudisha. Miwani yake alikuwa ameifunga kwa uzi wa mshipi kuzunguka kichwa ili isianguke baharini. Nikamwambia, "Mwanangu, Mungu akulipe." Akajibu, "Amin, Maalim," kisha akatabasamu akasema, "Lakini bado naitaka ile leza."

Ndugu zetu, msidhani kwamba nayasimulia haya ili kusema kwamba mwisho wa yote nilikuwa na haki, na kwamba leza ya kijana ilikuwa israfu, ndiyo maana ameiacha. La, hasha. Lau angeacha jambo la upuuzi, angekuwa amefanya dogo. Aliacha kitu kilichokuwa haki yake, cha manufaa kwake, alichokitolea jasho miaka minne. Na kwa sababu hiyo tendo lake lina uzito. Tukiita kila anachokitaka kijana "upuuzi", twajinyima hata kuweza kuuona wema wake anapokiacha. Haja yake haikufa kwa kutanguliwa na dharura ya mwingine. Imengoja tu, na sisi tulio karibu naye tusiisahau.

Na hapa ndipo suala linapotoka kwake na kuja kwetu. Kwa nini mzigo wa shangazi uliangukia bega moja? Mababu zetu wa Kiislamu walikuwa na jawabu. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Kairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu wa maduka na ardhi, na wagonjwa walitibiwa bila malipo, wenye maradhi ya macho wakiwa na sehemu yao. Na katika zama zetu, Daktari Govindappa Venkataswamy, mtu wa India, baada ya kustaafu kazi ya serikali, alifungua mwaka 1976 mjini Madurai hospitali ya macho yenye vitanda 11. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mwenye uwezo alipe, na fungu la anacholipa limtibu asiye na uwezo, kwa daktari yule yule. Mwaka 1992 wakaanza kujitengenezea lenzi za kutia jichoni, na bei yake ikashuka sana kuliko zile zilizokuwa zikitoka ng'ambo. Leo hospitali hiyo, Aravind, ni miongoni mwa kubwa za macho ulimwenguni. Huyu hakuwa wa dini yetu, lakini alilofanya latukumbusha wakfu kuliko tulivyojikumbusha wenyewe.

Hatusemi kwamba darsa letu litajenga hospitali kesho. Twasema mambo matatu ambayo hayahitaji sultani. La kwanza: kila mwenye kisukari katika nyumba zetu apimwe macho kwa kutiwa dawa ya kufungua mboni walau mara moja kila mwaka, asingoje madoa. Bei ya kipimo ni ndogo kuliko bei ya leza, na bei ya leza ni ndogo kuliko bei ya upofu. La pili: watoto wa madrasa wapimwe uoni. Huenda yule tumpigaye kwa kutojua kusoma ubao, hauoni. La tatu: liwekwe sanduku katika darsa letu, na kila mwenye kufanya harusi atie humo fungu dogo la gharama ya karamu yake, kwa ajili ya miwani na macho ya wasiojiweza. Mimi nimekula karamu tatu, basi nimeanza kulipa.

Na tukilifungua sanduku hilo mwisho wa mwaka, tukakuta kwamba wenye dharura wametimiziwa na bado kumebaki kitu, nitapendekeza kwa jamaa kwamba yuko kijana mmoja wa bandarini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa mshipi, ambaye haja yake yangoja zamu yake. Sitaiita israfu.

Wassalamu alaykum.